Dawa isiyojua kuachia haifiki ndani

Sindano inapochomwa kwenye goti, dawa haiendi moja kwa moja kwenye ugonjwa. Inaanza kuelea kwenye ute wa kiungo, na ute huo hautulii. Mishipa midogo ya damu na ya limfu iliyo kwenye utando unaozunguka kiungo inafyonza kila kilicho kidogo na kukitoa nje mchana na usiku. Dawa nyingi za molekuli ndogo huwa zimeshaondolewa gotini ndani ya saa chache. Gegedu, ile tishu nyeupe inayoteleza na kufunika ncha za mifupa, ambayo ndiyo inayolika kidogo kidogo kwa mgonjwa wa osteoathraitisi, huwa imeambulia sehemu ndogo sana ya kilichotiwa kwenye sindano.

Gegedu halina mishipa ya damu hata mmoja. Seli zake zinaishi kwa kutengana, kila moja imefungiwa ndani ya wavu wa kolajeni, protini yenye nyuzi imara, na matundu ya wavu huo yamejaa molekuli ndefu za jamii ya sukari zenye chaji hasi. Chaji hizo zinasukumana zenyewe kwa zenyewe na zinavuta maji. Ndiyo maana tishu hii, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ni maji, inabeba mwili mzima bila kupondeka. Lakini ubora huohuo ndio unaomzuia daktari. Nafasi kati ya molekuli hizo ni za nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), kwa hiyo liposomu ya kawaida, yaani kifuko kidogo cha mafuta cha kubebea dawa, yenye upana wa nanomita 100 haina pa kupita. Na molekuli yenye chaji hasi, hata ikiwa ndogo, inasukumwa nje na kuingia kwa shida.

Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kuipakia dawa kwenye kibebeo, yaani kitu kidogo cha kuisafirisha, chenye chaji chanya. Chanya huvutwa na hasi, kwa hiyo gegedu lenyewe litaivuta dawa. Wazo ni sahihi, na kwa kiasi fulani limefanya kazi. Ila waliolijaribu walikutana na jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha taaluma nzima ya vibebeo vya dawa: ukizidisha chaji chanya, kibebeo kinang'ang'ania tabaka la juu kabisa la gegedu na kuishia hapo. Kimeshikwa sana kiasi kwamba hakisogei. Kwenye picha ya darubini unaona mstari mwembamba unaong'aa ukingoni mwa tishu, na chini yake giza, huku seli zinazohitaji dawa zikiwa kwenye giza hilo.

Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walichukua dendrima, yaani molekuli inayochipua matawi kama mti, ambayo ncha za matawi yake zina chaji chanya. Badala ya kuziacha ncha zote wazi, walizifunika baadhi kwa minyororo mifupi ya PEG, kemikali isiyo na chaji na inayopenda maji. Walitengeneza aina nyingi, kila moja ikiwa na kiwango chake cha kufunikwa, kisha wakatafuta ile inayoshika vya kutosha kuvutwa ndani bila kushika kiasi cha kunasa mlangoni. Juu yake walipachika IGF-1, protini inayozihimiza seli za gegedu kujenga upya kinachobomoka. Kibebeo kilichochaguliwa kilipenya gegedu la ng'ombe lenye unene unaokaribiana na la binadamu ndani ya siku 2. Kwenye magoti ya panya kilikaa muda mrefu mara 10 kuliko IGF-1 iliyotiwa peke yake, na kiliendelea kuonekana gotini hadi siku 30.

Siku 30 kwa sindano moja ni jambo kubwa kwa mtu yeyote aliyewahi kushuka ngazi akijishikilia ukutani kwa sababu ya goti. Ila linalonivuta zaidi ni jinsi walivyofika huko, kwa kuwa walifika kwa kupunguza mshiko.

Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi sifa ya kwanza ya kibebeo kizuri ilikuwa nguvu ya kushika. Maabara nyingi zilianza kwa kutafuta kingamwili (protini ya kinga inayoshika shabaha maalumu) au kipande cha protini kinachoshika shabaha yake kwa nguvu kuliko vyote, zikakibandika kwenye chembe nano, yaani kibebeo kidogo cha vipimo vya nanomita, zikamwagia seli kwenye sahani ya maabara, na chembe iliyong'ang'ania zaidi ikatangazwa mshindi. Kwenye sahani, seli ziko wazi tabaka moja, na dawa inazimwagikia kama mvua. Mwilini hakuna sahani. Kuna tishu yenye kina, na kwenye kina, anayeshika kwa nguvu zote anasimama kwa mtu wa kwanza anayekutana naye. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwenye saratani jambo hili lilijulikana mapema. Tangu miaka ya 1980 wanahisabati wa dawa walionya kwamba kingamwili zenye mshiko mkali mno zingenaswa na seli zilizo jirani na mshipa wa damu, na seli za ndani zaidi ya uvimbe zisipate kitu. Vipimo vya baadaye kwa wanyama viliwaunga mkono. Wakati huohuo matumaini mengi yalikuwa yamewekwa kwenye hoja nyingine, iliyotokana na kazi ya Matsumura na Maeda ya mwaka 1986: kwamba mishipa ya damu ya uvimbe inavuja, kwa hiyo chembe nano zitajipenyeza zenyewe na kubaki humo. Mwaka 2016 kundi la mtafiti Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, lilikusanya tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama na kuhesabu ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa kilifika kwenye uvimbe. Wastani wa kati ulikuwa 0.7%. Nyingi ya zilizobaki huchukuliwa na ini na wengu, ambako seli za kinga zinakamata chochote kigeni kinachopita kwenye damu. Watu wengine waliipinga namna ya kuhesabu, na mjadala huo ni halali, lakini hakuna aliyekuja na takwimu ya kumfanya mtu alale usingizi.

Ubongo ndio unaonipa ushahidi mzito kuliko yote. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye damu ya wanyama na kuona viungo vyote vikibadilika rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, mwaka 1913 akafanya kinyume: akatia rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi huku mwili ukibaki kama ulivyo. Kulikuwa na ukuta, na mwaka 1967 darubini ya elektroni ilionyesha ulipo: kwenye seli zinazounda kuta za mishipa midogo kabisa ya damu ya ubongo, zilizoshonwa pamoja bila upenyo. Kinachosikitisha ni kwamba mishipa hiyo imeenea kila mahali. Ukiiunga yote ya binadamu mmoja unapata urefu unaokadiriwa kufikia kilomita 600, na karibu kila seli ya ubongo iko umbali usiozidi upana wa unywele kutoka kwenye mshipa. Dawa inafika jirani kabisa, halafu inarudi. Kwa kingamwili ya kawaida, kiasi kinachovuka ni takriban 0.1% ya kile kilicho kwenye damu.

Ukuta huo una milango yake. Ubongo unahitaji chuma, na chuma husafiri kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini, ambayo inashika kipokezi maalumu, yaani protini ya kupokelea mzigo, kwenye ukuta wa mshipa, inamezwa na seli na kuvushwa. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba kingamwili inayoshika kipokezi hicho inaweza kupita nayo ikiwa na dawa mgongoni. Ikafuata miaka 20 ya kutumia kingamwili zenye mshiko mkali, na miaka 20 ya matokeo ya kuvunja moyo, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa inabaki ndani ya ukuta wenyewe.

Mwaka 2011 kundi la kampuni ya dawa ya Genentech lilijaribu jambo ambalo wengi wangeliona kama kuharibu dawa kwa makusudi. Walichukua kingamwili hiyo na kuidhoofisha mshiko, hatua kwa hatua, kisha wakapima kiasi kinachofika kwenye ubongo wa panya. Kwa dozi za kutibia, zile dhaifu ziliingia kwa wingi zaidi. Yenye nguvu ilikuwa inakamata kipokezi na kukataa kukiachia, na seli, ikiona kipokezi kimekwama na mzigo, inakipeleka kwenye kijifuko chake cha kumeng'enyea. Yenye mshiko wa wastani ilishika upande wa damu, ikavushwa, ikaachia upande wa ubongo.

Linganisha hilo na gegedu. Tishu hizi mbili hazifanani hata kidogo: moja ni wavu wa sukari na kolajeni usio na damu, nyingine ni ukuta wa seli uliozungukwa na damu. Nguvu zinazofanya kazi ni tofauti pia, chaji za umeme huku, kipokezi cha chuma kule. Na bado kanuni ni ileile. Mkwezi hupanda mti kwa kushika na kuachia. Anayeukumbatia kwa nguvu zote bila kulegeza anabaki alipoanzia, na asiyeshika kabisa anaanguka.

Mlango huo wa transferini umeshaanza kuzaa dawa. Mwaka 2021 Japani iliidhinisha dawa ya ugonjwa wa Hunter, ugonjwa wa kurithi ambao mtoto hukosa kimeng'enya cha kuvunja sukari fulani na hivyo sukari hiyo hujilimbikiza mwilini, ubongoni pia. Dawa hiyo ni kimeng'enya kilichounganishwa na kingamwili ya kipokezi cha transferini, inadungwa kwenye mshipa wa mkono na inavuka hadi ubongoni. Kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, kuna kisa ninachokifuatilia kwa karibu. Kingamwili ya gantenerumab ilishindwa kwenye majaribio makubwa mwaka 2022. Waliokuwa nayo hawakuitupa. Walikuwa wameshaiunganisha na kipande cha kushika kipokezi cha transferini, wakaiita trontinemab, na kwenye majaribio ya hatua za mwanzo imeondoa kwa kasi kubwa mabaki ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hawa. Bado haijathibitika kwamba wagonjwa wanakumbuka vizuri zaidi, na hilo ndilo mgonjwa na familia yake wanalolitaka, si picha safi ya ubongo. Zaidi ya hayo, kipokezi hichohicho kiko pia kwenye seli changa zinazotengeneza chembe nyekundu za damu, kwa hiyo anemia ni hatari inayobidi kupimwa kila hatua.

Kwenye ute unaofunika macho, mapafu, utumbo na njia ya uzazi, walimu walikuwa virusi. Kwa muda mrefu imani ilikuwa kwamba ute ni mnato mno hata chembe yoyote isiweze kupita, na kwa hiyo kinachowezekana ni kutengeneza vibebeo vinavyogandia kwenye ute na kutoa dawa hapohapo. Shida ni kwamba ute unafagiliwa. Machozi, kukohoa, na mwendo wa utumbo vinauondoa na kuweka mpya, na kilichogandia kinaondoka nao. Mwaka 2001 watafiti wa Johns Hopkins waliripoti kwamba maganda matupu ya virusi vya Norwalk (vya kuharisha na kutapika) na vya HPV (vya saratani ya mlango wa kizazi) yalikuwa yanasafiri kwenye ute wa mlango wa kizazi kwa kasi karibu sawa na kwenye maji, wakati vigololi vya plastiki vya ukubwa huohuo vilikwama. Ganda la virusi hivyo limejaa chaji chanya na hasi zinazokaribia kufutana, kwa hiyo ute haupati pa kushikilia.

Miaka 6 baadaye, kwenye chuo hichohicho, kundi la Justin Hanes lilifunika vigololi kwa tabaka zito la PEG yenye minyororo mifupi, na chembe za nanomita 200 na hata 500 zikapita. Nasisitiza minyororo mifupi, kwa sababu PEG yenye minyororo mirefu ilikuwa inatumika kwa kazi iliyo kinyume kabisa, ya kugandisha chembe kwenye ute. Kemikali ni ileile. Urefu na msongamano vimebadilika, na tabia imegeuka. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha matone ya macho ya loteprednol yaliyotengenezwa kwa njia hii, kwa ajili ya uvimbe na maumivu baada ya upasuaji wa jicho. Ni dawa ya zamani iliyopewa mwendo mpya.

Na kifua kikuu? Hapa sizungumzii kibebeo bali dawa zenyewe, lakini naomba msomaji avumilie kwa sababu ugonjwa huu unaua watu zaidi ya milioni 1 kila mwaka. Mwili unapopambana na bakteria hawa huwazingira kwa ukuta wa seli, na katikati hufanyika kitu cheupe kama jibini, kisicho na damu wala seli hai. Bakteria wagumu kuliko wote hukaa humo. Mwaka 2015 watafiti walitumia mbinu ya kupiga picha inayotambua kila molekuli kwa uzito wake kwenye mapafu yaliyokatwa kwa upasuaji kutoka kwa wagonjwa waliokuwa wamemeza dawa. Pirazinamidi ilikuwa imeenea hadi katikati. Moksifloksasini ilikuwa imejaa kwenye ukuta wa seli unaozunguka, na katikati ilikuwa haba. Dawa zinazopenda mafuta, zinazojishikiza kwa nguvu kwenye vitu vilivyomo humo, nazo zinanasa ukingoni. Mtu anayetaka kutengeneza chembe nano za kupeleka dawa kwenye mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu angetakiwa kuanza na picha hizo. Kuna kazi nyingi zinazoridhika na kuonyesha kwamba seli za kinga zimemeza chembe. Seli za kinga humeza karibu kila kitu. Swali ni nini kinafika kwenye lile jibini.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wapo wanaosema tuache kubembeleza milango, tuifungue. Mwaka 2015 madaktari wa Toronto walitumia mawimbi ya sauti pamoja na vipovu vidogo vya gesi kwenye damu kufungua kwa muda ukuta wa ubongo wa mgonjwa wa saratani, na tangu hapo mbinu hiyo imejaribiwa kwa magonjwa kadhaa. Wengine wanazunguka ukuta: nusinersen, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa SMA, inadungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na kuna watoto wanaoweza kukaa leo kwa sababu yake. Sithubutu kuwaambia wazazi wao wangoje kibebeo bora. Ila kila dozi ni sindano ya uti wa mgongo, inarudiwa kila baada ya miezi kadhaa, maisha yote. Na kubomoa ukuta hakuleti matokeo kila mara. Kwenye saratani ya kongosho, ambayo uvimbe wake umejaa tishu ngumu ya kovu na asidi ya hyaluroniki, ilitengenezwa dawa ya kimeng'enya cha kuivunja asidi hiyo ili chemotherapi ipite. Iliingia kwenye majaribio makubwa ikiwa na matumaini, na mwaka 2019 ikashindwa kurefusha maisha ya wagonjwa. Kushindwa mara moja hakuui wazo zima, lakini kunatukumbusha kwamba tishu ikibomolewa haibaki tishu ileile yenye njia pana. Inakuwa kitu kingine.

Lawama yangu inaangukia namna tunavyopima. Makala nyingi za vibebeo bado zinaonyesha mshiko na usalama kwenye sahani, kisha zinaruka hadi panya aliyepona. Katikati kunakosekana kipimo kimoja rahisi: dawa imefika kina gani, kwa muda gani, na ikiwa bado inafanya kazi? Hesabu yake haina huruma. Kitu kinachosambaa chenyewe kwenye tishu kinahitaji muda unaoongezeka kwa mraba wa unene. Gegedu la goti la panya ni kama sehemu ya kumi ya milimita. La binadamu ni milimita 2 au zaidi. Unene umeongezeka mara 20, muda unaongezeka mara 400. Kinachochukua dakika 10 kwa panya kingechukua karibu siku 3 kwa mtu, na ndani ya siku hizo 3 goti linaendelea kutoa nje kila kisichoshikwa. Ndiyo maana kutumia gegedu la ng'ombe, kama walivyofanya wale wa MIT, ni uamuzi ninaouheshimu kuliko chati kumi za panya.

Hata hapo bado kuna fundo ambalo halijafunguka. Osteoathraitisi inapoanza, kati ya vitu vya kwanza kupotea ni zile molekuli za sukari zenye chaji hasi. Yaani sehemu ya gegedu iliyoumia zaidi ndiyo yenye mvuto mdogo zaidi kwa kibebeo, na sehemu nzima inakivuta vizuri. Kibebeo kilichopimwa kwenye tishu yenye afya kitapeleka dawa nyingi kwa asiyeumwa. Suluhisho la haraka ni kuongeza chaji ili kishike hata palipobaki kidogo, lakini waliojaribu peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zenye viwango tofauti vya chaji waliona mpaka wake: zikizidi kiwango fulani, zinarudi kunasa tabaka la juu. Kwa hiyo kipimo cha mshiko hakiwezi kuwa kimoja kwa magoti yote. Goti lililoanza kuuma mwaka huu na goti lililouma miaka 10 yanahitaji ncha za matawi zilizofunikwa kwa viwango tofauti, na kabla ya kuchoma sindano daktari atahitaji picha inayoonyesha chaji iliyobaki, si upana wa nafasi kati ya mifupa peke yake. Picha za namna hiyo zinaweza kupatikana kwa MRI. Bado hazijawekwa meza moja na watengeneza dendrima.